Mkonge Ulinisubiri Kwao

Mjomba wangu alikuwa nyapara wa shamba la mkonge huko Tanga mpaka alipostaafu. Mtu wa namna hiyo humpeleki kutalii ukatarajia atazame unachomwonyesha wewe. Mimi nilimpeleka Yucatán, kusini mashariki mwa Meksiko, aone mahekalu ya Wamaya, wenyeji wa huko, na miji waliyoijenga Wahispania juu yake. Tukakodi gari Mérida, tukashika njia ya Uxmal, mji wa kale wa Wamaya. Tumepita mji wa Umán tu, mjomba akapiga dashibodi kwa kiganja.

"Simama! Simama mwanangu! Mkonge ule!"

Nikaweka gari pembeni. Shamba lilikuwa la zamani, liko nyuma ya ukuta mfupi wa mawe yaliyopangwa bila saruji, na majani yameota kila mahali. Mjomba, ambaye ngazi za nyumbani kwangu huzipanda akimtaja Mungu kila hatua, aliuvuka ukuta ule kwa mguu mmoja.

"Tazama palizi hii! Nani msimamizi wa hapa?" Akashika jani, akaligeuza. "Na una miiba ya pembeni, umeuona? Wetu hauna. Wetu una ule mmoja wa nchani, na mkataji anaufyeka kabla hajafunga mzigo."

Alikuwa sahihi. Huo wa Yucatán unaitwa henequén, ni ndugu wa mkonge wetu, na ndio uliowatajirisha matajiri wa Mérida mwishoni mwa karne ya 19 wakajenga majumba yao kando ya barabara ya Paseo de Montejo. Wa Tanga nao kwao ni Meksiko hiyohiyo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vipando elfu moja kutoka Florida, karibu vyote vikafa, vikasalia 62. Kutokana na hivyo 62 yakaja mashamba, korona za kuchakata majani kuwa nyuzi, manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliotolewa mbali, na pensheni ya mjomba.

"Nipige picha nikiwa nao," akasema, akavuta tumbo ndani. "Rudi nyuma, uuchukue wote na mti wake."

Nikarudi nyuma.

"Rudi tena. Umekata miguu yangu."

Nikarudi tena. Hapo ndipo iguana alipotoka kwenye mawe ya ukuta, karibu kabisa na kiatu changu, akaanza kunitikisia kichwa. Niseme wazi kwamba mijusi siiogopi. Siiogopi ikiwa ukutani, ikiwa midogo, na ikiwa haijui kwamba nipo. Huyu alikuwa na kidevu. Niliruka kinyumenyume, na nilipotua nilikuwa nimekaa.

Nilikaa juu ya mkonge.

Sauti niliyoitoa mjomba anaiiga hadi leo kwenye misiba. Ule mwiba wa nchani ni mgumu kama sindano ya kushonea magunia, na ulipita kwenye suruali, ukapita kwenye kilichofuata, ukakatikia humohumo. Mjomba alikuja taratibu, akamtazama iguana kwanza.

"Kenge tu huyu."

"Mjomba, mwiba umebaki ndani!"

"Uko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akageuza uso kuelekea barabarani. "Hapo mwanangu mimi siwezi kupatazama. Wewe ni mtoto wa dada yangu." Akanipa kikisu chake cha funguo, mkono nyuma, akaenda kuendelea kukagua palizi.

Basi nikabaki mimi na kioo cha pembeni cha gari ya kukodi. Nani amewahi kujitazama huko kwa kioo cha gari? Ukisogea kulia, kwenyewe kunakwenda kushoto. Nilikuwa nimeinama nusu, suruali magotini, kikisu mkononi, nimeanza kuupata uelekeo, ndipo basi la watalii lilipopita. Lilipunguza mwendo. Sijui kama ni kwa ajili yangu au kwa ajili ya tuta lililokuwa mbele.

Ndiyo, matuta. Yucatán kila kijiji kina matuta, la kuingilia, la kutokea, na mengine katikati ili usisahau. Baadhi yana kibao, baadhi unayagundua kwa uti wa mgongo. Mjomba hana leseni, kwa hiyo dereva ni mimi. Niliendesha nimeegemea mlango, kalio moja hewani, naye akajipa kazi ya konda.

"Tuta!"

Nainuka.

"Tuta lingine!"

Nainuka.

"Hapana, lilikuwa kivuli."

Uxmal nakumbuka vizuri kuliko watalii wengi, maana niliiona yote nimesimama. Piramidi ya Mchawi ina kimo cha kama mita 35, na kitako chake hakina pembe nne, kimezunguka mviringo. Hadithi ya wenyewe ni kwamba aliijenga mbilikimo aliyeanguliwa kwenye yai, usiku mmoja. Wachimbuaji wa mambo ya kale wanasema ilijengwa kwa awamu tano.

"Usiku mmoja," mjomba akarudia. "Bila nyapara?"

Kwenye kuta za pale kumejaa sura za Chaac, mungu wa mvua, mwenye pua ndefu iliyojikunja. Nchi ile haina mito juu ya ardhi, na Uxmal ilitegemea maji ya mvua waliyoyahifadhi kwenye visima vya kuchongwa chini, kwa hiyo walimbembeleza Chaac kwa bidii. Mimi nami nilimbembeleza. Na iguana wapo, wamejaa kwenye ngazi, wanaota jua. Kila mmoja alinitikisia kichwa.

Jioni Mérida tukaingia duka la dawa lenye chumba cha daktari ubavuni, maana kule huo ni utaratibu wa kawaida. Foleni ilikuwa ndefu. Kihispania changu kinaishia kwenye kuagiza chakula, na nilikuwa bado natafuta pa kuanzia wakati mjomba aliposonga mbele akainua mikono juu, vidole vimetanuka: mkonge. Foleni ikanyamaza. Akashuka chini akawa iguana, na kichwa akakitikisa vizuri kuliko iguana mwenyewe. Kisha akawa mimi. Aliruka, akatua, akatoa ile sauti. Bibi mmoja mwenye kapu alijifuta machozi. Kijana wa kaunta alipiga makofi, halafu watu wote wakanipisha niingie kwanza, na sijui kama nimewahi kuheshimiwa hivyo mahali popote.

Daktari alikuwa mama wa makamo asiye na maneno mengi. Alivuta kwa kibano, akaweka kipande cha mwiba kwenye kisahani, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Akasafisha. Kisha akachukua sindano ya kutuliza maumivu na kuichoma upande wa pili, ule mzima, uliokuwa umebeba safari yote. Nikatoka sina pa kukalia kabisa.

Sasa nikwambie kitu kuhusu Mérida: mji ule umejengwa kwa ajili ya watu wakae. Kwenye bustani za mji kuna viti vyeupe vya wawili wawili, vimepindana ili mtu na mwenzake watazamane uso kwa uso. Mjomba alikaa upande mmoja, mimi nikasimama upande wangu namtazama kwa juu. Wapita njia walidhani tumegombana. Kanisa kuu lililo kwenye uwanja wa katikati lilijengwa kati ya 1561 na 1598, na mawe yake mengi yalitoka kwenye mahekalu ya T'hó, mji wa Wamaya uliokuwa palepale. Nilitaka kuyatazama mawe hayo kwa utulivu, lakini mama mmoja alinivuta mkono kunionyesha nafasi kwenye benchi. Nikakataa kwa adabu. Akasogea, nafasi ikawa kubwa zaidi. Nikakataa. Mwishowe alinitazama kwa heshima kubwa, nadhani alifikiri nina nadhiri.

Ng'ambo ya uwanja kuna nyumba ya Montejo, ya yule aliyeanzisha mji mwaka 1542. Juu ya mlango wamechongwa askari wawili wa Kihispania wamekanyaga vichwa vya watu, na vichwa vimeachama midomo. Mjomba aliwakodolea macho muda mrefu. "Wenye shamba," akasema, tukaondoka.

Chichén Itzá, mji mwingine wa kale wa Wamaya, tulikwenda pia. Kila upande wa piramidi kuu una ngazi 91, nne mara hizo, ukiongeza kidato cha juu unapata 365, na ni marufuku kuipanda, marufuku niliyoipokea kwa furaha. Ukipiga kofi mbele yake, mwangwi unarudi na mlio wa ndege. Mjomba alipiga makofi mpaka mlinzi akaja.

Izamal ndiyo iliyonimaliza. Mji mzima umepakwa rangi ya manjano, na nyumba ya watawa wa Kikatoliki, Wafransisko, imekaa juu ya jukwaa la hekalu la Wamaya, na ua wake umezungukwa na matao 75. Watalii huzungushwa kwa gari la farasi. Mjomba alipanda, akajinyoosha kiti kizima, akampungia kila mtu. Mimi nilifuata kwa miguu, nyuma ya farasi, na nyuma ya farasi si mahali pa kufuata kwa karibu.

Usiku mama akapiga simu. Mjomba alikuwa ameshaandika kwenye kundi la familia. Shangazi alikuwa ameshauliza ni upande gani, mwingine ameshasema kuna mkono wa mtu.

"Mwanangu," mama akasema, "babu yako kakata mkonge ujana wake wote, hakuchomwa huko. Wewe ulikuwa unaendaje kinyumenyume?"

"Alikuwa ananipiga picha!" mjomba akapaza sauti kutoka kitandani.

"Haya. Na picha ilitoka?"

Ilitoka. Kuna mkia wa iguana, kidole changu, na goti la mjomba.