Nywele Zinazokua Si Nywele Zilizotelekezwa

Katika kikao cha kazi cha juma lililopita, mtu ninayemheshimu kwa umri na kwa cheo aliniuliza mbele ya wenzangu nitazitengeneza nywele zangu lini. Asubuhi ile ile nilikuwa nimeziosha, nimezipaka mafuta na kuzichana. Kilichomkera ni urefu wake, kwa kuwa si fupi tena kama zilivyokuwa niliponyoa, na bado hazijafikia kiasi cha kufungika. Hasira niliyobaki nayo haitokani na kuulizwa, bali na dhana iliyojificha ndani ya swali lile, kwamba mtu huwa nadhifu akiwa na nywele fupi au akiwa na nywele ndefu, na kwamba akiwa katikati ya hizo mbili basi amejitelekeza.

Hakuna kichwa chenye nywele ndefu ambacho hakikupita hapo katikati. Nywele za kichwani hukua kwa wastani wa takriban sentimita 1 kwa mwezi, na za kipilipili mara nyingi hukua polepole zaidi, kisha hujikunja kiasi kwamba urefu unaoonekana huweza kuwa chini ya nusu ya urefu wa kweli. Aliyenyoa karibu na ngozi na sasa anataka nywele zifunike masikio atahitaji karibu mwaka mzima, na anayetaka zifike mabegani ajiandae kwa miaka 2 au zaidi. Tukisema kwamba kipindi hicho chote ni cha aibu, tunamwambia mtu aishi kwa aibu miezi mingi kwa kosa la kusubiri mwili wake ufanye kazi yake ya kawaida.

Tena kero kubwa ya kipindi hiki ina sababu inayoeleweka na ina dawa. Nywele zote hukua kwa mwendo unaokaribiana, lakini hazina safari moja. Za kisogoni ziko karibu na kola, kwa hiyo zikiongezeka sentimita 3 tu zimekwisha kuonekana kama mkia, ilhali za utosini zina mwendo mrefu wa kuteremka juu ya kichwa kabla ya kufika sikioni. Ndiyo maana mtu hujitazama kwenye kioo akaona nyuma pamejaa, pembeni pamevimba na juu bado pafupi, akakata tamaa na kunyoa zote. Anachotakiwa kufanya ni kuzipunguza za kisogoni na za kuzunguka masikio kila baada ya wiki kadhaa, na kuziacha za juu bila kuzigusa hata kidogo mpaka zizifikie za chini. Akivumilia hivyo, kichwa huwa na umbo linaloeleweka kila mwezi, ingawa umbo hilo hubadilika.

Hapa ndipo ninapowalaumu baadhi ya vinyozi na wasusi, na ninawalaumu kwa uchungu. Mteja anakaa kwenye kiti, anasema waziwazi kwamba anakuza nywele na kwamba apunguziwe kisogoni tu, mwenye mashine anaitikia kwa kichwa, kisha anapitisha mashine hadi juu ya panja kwa kisingizio cha kusawazisha. Kazi ya miezi 4 huishia sakafuni kwa dakika moja. Ni kweli kwamba fundi ana jicho lililozoea kuona mistari iliyonyooka, na kwamba wateja wengi hawajui kueleza wanachotaka. Hilo ninalikubali, ingawa kwa shingo upande. Hata hivyo, ujuzi wa mkono haumpi mtu ruhusa ya kuamua kuhusu kichwa cha mwenzake. Fundi mwema huonyesha kwa kidole mahali atakapoishia, husubiri jibu, na hapo ndipo huwasha mashine. Asiyefanya hivyo, mteja ana haki ya kumkatiza, kazi ikiwa nusu, na kuinuka.

Wapo pia wanaoshauri kwamba nywele zikatwe mara kwa mara ili zikue haraka, na ushauri huo si kweli, kwa sababu ukuaji hutokea kwenye mzizi ulio chini ya ngozi, na sehemu tunayoikata haina uhai. Faida ya kukata ncha zilizochanika ni kuzuia mpasuko usipande juu na kuufanya unywele ukatike. Kwa wanaoacha dawa za kulainisha nywele, sehemu ya kuogopa zaidi ni pale nywele mpya zinapokutana na za zamani, maana ndipo zinapokatika kwa urahisi.

Jambo moja sitalipita kwa upole. Kwa sababu ya maneno ya watu, wengi hukimbilia kusuka nywele ambazo hazijafikia urefu wa kusukwa, zikavutwa kwa nguvu hadi ngozi ikainuka. Mvuto wa namna hiyo ukiendelea kwa muda mrefu kwenye paji na panja huweza kuiharibu mizizi moja kwa moja, na mzizi ulioacha kovu haurudishi unywele. Kitambaa, kilemba au vibanio vichache vilivyolegea vinatosha.

Isitoshe, anayeuliza hajui nywele zile zilifupishwa na nini. Wapo wanawake ambao nywele zao humwagika miezi michache baada ya kujifungua, kisha zikaota upya zikiwa fupi na zimesimama kuzunguka paji. Wapo waliozipoteza kwa dawa za saratani, na kila sentimita inayorudi wanaipokea kwa shukrani. Kumwambia mtu kama huyo mbele za watu akatengeneze nywele ni kumuumiza mahali ambapo alikuwa ameanza kupona. Sehemu ya kazi ina haki ya kudai usafi, na palipo na mitambo au chakula ina haki ya kudai nywele zifunikwe. Haina haki ya kudai nywele ziwe zimefika mahali ambapo bado hazijafika.

Kwa anayekaribia kukata tamaa, ninamsihi apige picha mwanzoni mwa kila mwezi, kwenye mwanga uleule, na aunyooshe unywele mmoja wa mbele na mmoja wa kisogoni aone unapofika, kwa kuwa kioo cha kila siku hakimwonyeshi sentimita 1. Ikiwa baada ya kuzipanga picha hizo bado anazipenda fupi, basi azinyoe kwa amani, na kesho yake asimweleze mtu yeyote kwa nini.