Harrison, Nabers au Odunze: Cardinals walichagua vizuri?

Kabla ya drafti ya mwaka 2024, ambapo timu za NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, huchagua wachezaji kutoka vyuoni, wachambuzi wengi wa futiboli ya Kimarekani hawakubishana sana kuhusu mpokeaji bora aliyekuwa akitoka vyuoni. Marvin Harrison Jr. wa Ohio State alikuwa kileleni, Malik Nabers wa LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) akimfuata kwa karibu, na Rome Odunze wa Washington akishika nafasi ya tatu. Usiku wa tarehe 25 Aprili mjini Detroit, timu zilipoanza kuchagua kwa zamu, mambo yakaenda vilevile. Arizona Cardinals walimchukua Harrison katika nafasi ya 4, New York Giants wakamchukua Nabers katika nafasi ya 6, na Chicago Bears wakamchukua Odunze katika nafasi ya 9.

Naamini Nabers ndiye aliyestahili kutangulia. Lakini sababu yangu si ile inayotolewa na wengi, yaani takwimu za msimu wao wa kwanza wa kulipwa. Ushahidi ulikuwapo tangu wakiwa chuoni.

Tuanze na Harrison, maana hoja za kumtetea ni nzito. Mpokeaji wa pembeni kazi yake ni kumponyoka beki anayemkaba, kufika mahali walipokubaliana na kwotabeki, yaani mrusha pasi, kwa wakati uleule, kisha kudaka mpira. Katika hayo matatu Harrison alikuwa ameiva kupita umri wake. Ana urefu wa futi 6 na inchi 3, mikono yenye uhakika, na miguu inayogeuka upesi kuliko unavyotarajia kwa mtu wa kimo hicho. Mwaka 2022 alidaka mipira 77 kwa yadi 1,263 na tachidauni (mabao) 14. Mwaka 2023 akadaka 67 kwa yadi 1,211 na tachidauni 14 tena. Kati ya misimu hiyo kwotabeki alibadilika: C.J. Stroud aliondoka, akaingia Kyle McCord, na Harrison hakutetereka. Hakuna mpokeaji wa Ohio State aliyewahi kuvuka yadi 1,000 katika misimu miwili kabla yake, na hicho ni chuo kinachozalisha wapokeaji kila mwaka. Alitwaa tuzo ya Biletnikoff ya mpokeaji bora wa vyuo na akamaliza wa nne katika kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo.

Halafu kuna jina. Baba yake, Marvin Harrison wa Indianapolis Colts, yumo katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo, na mwaka 2002 alidaka mipira 143 katika msimu mmoja. Nadhani jina hilo lilimsaidia kijana kwa namna ambayo haikuwa haki kwa wenzake. Hakukimbia mbio za yadi 40 mbele ya maskauti, wala kwenye majaribio ya pamoja wala kwenye siku ya chuo chake, na nafasi yake haikushuka hata kidogo. Kijana mwingine angefanya hivyo, maswali yangemfuata hadi usiku wa drafti.

Sasa Nabers. Msimu wa 2023 alidaka mipira 89 kwa yadi 1,569 na tachidauni 14 katika mechi 13. Odunze ndiye aliyeongoza nchi nzima kwa yadi 1,640, ila alicheza mechi 15, kwa sababu Washington walifika fainali ya taifa na kufungwa na Michigan 34 kwa 13. Ukigawa kwa mechi, Nabers anapata yadi 121, Odunze 109, Harrison 101. Nabers pia ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote: alizaliwa Julai 2003, karibu mwaka mzima baada ya Harrison na zaidi ya mwaka baada ya Odunze. Kwa umri huo tayari alikuwa ameondoka LSU akiwa na rekodi ya chuo ya yadi 3,003, juu ya nyota waliopita hapo kabla yake: Ja'Marr Chase, Justin Jefferson na Odell Beckham Jr.

Ila kilichonishawishi zaidi ni anachofanya baada ya kudaka. Harrison akishapokea mpira, mara nyingi kazi imekwisha. Ameshinda mapambano yake na beki, na yadi zimehesabiwa. Nabers akipokea, ndipo tatizo la mabeki linapoanza. Anaongeza kasi ghafla, anabadilisha mwelekeo bila kupunguza mwendo, na pasi ya yadi tano inageuka kuwa ya thelathini. Katika ligi ya kulipwa, ambako mabeki wa nyuma hukaa mbali kuzuia mipira mirefu, uwezo huo wa kuchukua pasi fupi na kuifanya hatari una thamani kubwa sana.

Wanaopinga wana hoja mbili za kweli. Kwanza, kwotabeki wa Nabers mwaka huo alikuwa Jayden Daniels, mshindi wa Heisman, na upande wa pili wa uwanja alikuwapo Brian Thomas Jr., aliyefunga tachidauni 17. Mabeki hawakuweza kumkaba Nabers watu wawili kila mara. Pili, LSU walimpanga mara nyingi kwa ndani, karibu na mstari wa mbele, ambako mpokeaji huanza kukimbia bila beki kumkaba kifuani. Harrison alizoea kukabwa hivyo kule pembeni. Hoja hizi ndizo zilizowapa Cardinals utulivu wa moyo, na siwalaumu kwa kuzizingatia.

Odunze nitamtaja kwa ufupi, si kwa sababu ni dhaifu. Ni mkubwa kama Harrison, alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.45 mbele ya kila mtu, na hodari wa kugombania mipira ya juu. Lakini alihitaji kugombania mara nyingi mno. Mpokeaji anayekabwa kwa karibu chuoni atakabwa kwa karibu zaidi huko mbele.

Msimu wa 2024 ulipokwisha, Nabers alikuwa na mipira 109 kwa yadi 1,204 katika mechi 15. Harrison alikuwa na 62 kwa 885, Odunze 54 kwa 734. Watu wakasema kesi imekwisha. Haijaisha. Nabers alirushiwa pasi 170, Harrison 116, Odunze 101. Ukigawa yadi kwa pasi walizorushiwa, Harrison anaongoza kwa 7.6, Odunze ana 7.3 na Nabers 7.1. Kwa kipimo hicho Cardinals walikuwa sahihi.

Mimi sikikubali kipimo hicho peke yake. Pasi 170 hazigawiwi kama posho. Giants walibadilisha kwotabeki msimu uleule, kutoka Daniel Jones hadi Tommy DeVito na Drew Lock, na kila aliyeingia alimtafuta Nabers, ingawa ulinzi wote ulijua mpira unakwenda kwake. Kuwa huru mara nyingi hivyo mbele ya mabeki wanaokungoja ni uwezo wenyewe. Kwa Harrison, kwotabeki wake Kyler Murray alipendelea kumtafuta mchezaji mwenzao Trey McBride, aliyedaka mipira 111. Mtetezi wa Harrison atasema ni mfumo wa Arizona. Huenda, lakini mpokeaji wa nafasi ya 4 huchukuliwa ili mfumo umfuate yeye.

Septemba 2025 Nabers alichanika goti katika mechi dhidi ya Chargers, na wapo waliolitumia jeraha hilo kama ushahidi kwamba Harrison alikuwa chaguo salama. Hilo si haki. Hakuna skauti aliyeweza kuliona goti hilo katika video za LSU.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya Brian Thomas Jr., yule mwenzake Nabers, ambaye Jacksonville Jaguars walimchukua katika nafasi ya 23. Msimu huohuo wa 2024 alipata yadi 1,282 na tachidauni 10 kwa pasi 133 tu, yaani yadi 9.6 kwa kila pasi, akiwapita wote watatu. Tena kwotabeki wao Trevor Lawrence aliumia na msaidizi wake Mac Jones ndiye aliyeanza mechi saba. Chuoni Thomas alionekana mnufaika wa Nabers. Yadi hizo zinaonyesha huenda Nabers naye alinufaika na Thomas kuliko nilivyokuwa tayari kukiri, na kwamba Giants na Cardinals kwa pamoja wangeweza kupata mpokeaji wa kiwango hicho kwa gharama ndogo zaidi. Jefferson mwenyewe alichukuliwa wa 22 mwaka 2020, baada ya wapokeaji wanne. Hata hivyo, nikipewa tena nafasi ya 4 na majina yaleyale mezani, bado namwita Nabers.