Mkufunzi Mpya wa Uuguzi: Apewe Mlezi au Ajitafutie?

Muuguzi aliyekaa wodini miaka kumi huchoma sindano huku anaongea na mama wa mtoto. Mkono unajua. Mtoe PGH (hospitali kuu ya hapa Nakuru, wengi bado tunaiita hivyo), mpe darasa chuoni, umwambie aieleze sindano hiyo hatua kwa hatua na kutunga karatasi ya kuisahihishia. Atakwama. Amejua mpaka amesahau alivyojua.

Patricia Benner, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alieleza mwaka 1984 hatua tano anazopitia muuguzi, kutoka mgeni hadi bingwa, na akaona kwamba bingwa mara nyingi hushindwa kutaja sababu za uamuzi wake. Basi mkufunzi mpya ni bingwa aliyerudishwa darasa la kwanza, tena mbele ya vijana wanaomwita "madam".

Ndiyo maana wengi husema apewe mlezi: mkongwe wa kukaa nyuma ya darasa lake, kumwonyesha jinsi ya kutunga swali lisilo na majibu mawili, jinsi ya kupanga mtihani wa vitendo ambao wanafunzi huhama kituo hadi kituo kengele ikilia, na jinsi ya kumwangusha mwanafunzi. (Pwani wangemwita somo, huku kwetu ni "menta" tu.) Hilo la kuangusha ndilo gumu kuliko yote. Mkufunzi mpya ana huruma, anakumbuka alivyotetemeka yeye mwenyewe, kwa hiyo anampitisha mtu ambaye mwakani ataachiwa wodi nzima usiku. Akiwa na mkongwe kando, wakisahihisha pamoja, mkono wake hukaza.

Wanaopinga nao hawakosi hoja. Mlezi hurithisha mazuri na mabaya kwa mkupuo mmoja. Chukua kutokwa na damu baada ya kujifungua. Wakongwe wengi walizoea kuikadiria kwa macho. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kuipima kwa mfuko wenye alama, kisha kutoa matibabu yote kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine, kulipunguza kwa asilimia 60 hatari ya mama kuvuja damu kupindukia, kupasuliwa tumbo kwa sababu yake au kufa. Aliyetoka leba juzi huenda ameushika mfuko huo. Mlezi wake huenda amesikia habari zake tu. Hapo nani amfundishe nani?

Halafu kuna saa. Mkongwe huyo huyo ana vipindi vyake, na wanafunzi walio mazoezini Molo, Gilgil na Naivasha wanamsubiri. Ulezi usiopunguziwa vipindi ni salamu za korido.

Mimi naegemea upande wa kumpa mlezi, lakini kwa sharti moja nisilolilegeza: asiwe ndiye anayeandika ripoti ya utendaji wake. Nilipoanza, katika chuo nisichokitaja, menta wangu alikuwa pia mkuu wangu. Nilimletea yaliyonyooka tu. Yaliyopinda niliyaficha kwenye mkoba, na mihula miwili ikapita akiamini kwamba niko sawa.

Aliyenitoa kwenye shimo hilo hakuwa mkufunzi kabisa. Alikuwa mzee wa kutunza chumba cha mazoezi, aliyepanga vitanda na sanamu kwa miaka mingi na kusikia kila mtihani akiwa nyuma ya pazia. Siku moja alinikuta nikijiandaa. Akavuta kiti. "Madam, hebu fanya polepole, nikusimamishe ukiruka hatua."

Alinisimamisha mara nne kabla sijaondoa kifuniko cha sindano.