Kulia Mbele za Mungu Si Kukosa Imani

Mkristo anapofiwa, anapopoteza kazi au anapopewa majibu mabaya na daktari, hufikiwa na mashauri mawili karibu kwa wakati mmoja. Wengine humtaka ashukuru na kukiri ushindi, asije akamkosea Mungu kwa kinywa chake. Wengine humwambia alie mpaka moyo utulie, maana hata Yesu alilia katika msiba wa Lazaro. Pande zote mbili zina Maandiko, kwa hiyo kutupiana aya hakutamaliza suala hili.

Hoja ya upande wa kwanza si nyepesi. Yakobo anaandika, "hesabuni ya kuwa ni furaha tupu, mkiangukia katika majaribu mbalimbali." Paulo anawaonya Wakorintho wasinung'unike kama wana wa Israeli, walioangamia jangwani. Tena uchungu ukiachwa bila mipaka humla mtu, hata akashindwa kuona jema lolote alilobakiwa nalo. Wapo waliovuka miaka migumu kwa kujilazimisha kila asubuhi kumshukuru Mungu kwa jambo moja tu. Imani ya watu hao naiheshimu kwa moyo wote.

Ila huo mfano wa jangwani unahitaji kusomwa kwa makini. Katika Hesabu sura ya 14, watu wanalia usiku kucha, wanawanung'unikia Musa na Haruni, kisha wanaambiana wajiwekee kiongozi warudi Misri. Hapo Mungu anaghadhibika. Lakini rudi nyuma hadi sura ya 11. Musa mwenyewe amechoshwa na watu haohao. Anamuuliza Mungu kwa nini amemtenda mabaya, hata anaomba afe kuliko kuendelea kuubeba mzigo ule peke yake. Maneno yake si laini kuliko ya watu, na bado hakemewi. Mimi naona tofauti iko katika mahali walikoelekea: wale walisemezana wao kwa wao, macho yakiwa Misri; Musa alikwenda na hasira yake yote kwa Mungu.

Jambo hilohilo limo katika kitabu cha Ayubu. Rafiki zake watatu walifanya vema siku saba za kwanza, walipoketi chini pamoja naye bila kusema neno. Walipofungua vinywa wakaanza kumtetea Mungu na kumtafutia Ayubu dhambi iliyomletea msiba. Wanamzungumzia Mungu sura baada ya sura, na hakuna hata mmoja wao anayemwomba. Ayubu, aliyeilaani siku aliyozaliwa, ndiye anayesema na Mungu. Mwishoni ni hao watetezi wanaoambiwa hawakunena yaliyo sawa. Ni kweli, Ayubu naye aliulizwa maswali mazito hata akaweka mkono kinywani, kwa hiyo kuomboleza hakumpi mtu kiti cha kumhukumu Mungu. Hapo wale wa upande wa pili nao wajihadhari.

Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila neno la sifa mwishoni. Hata hivyo mstari wake wa kwanza unamwita Bwana "Mungu wa wokovu wangu", na ikawekwa katika kitabu cha sala cha watu wa Mungu. Yesu msalabani alichukua mstari wa Zaburi nyingine, ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Sioni tutakavyomwita aliyevunjika moyo kuwa hana imani kwa kusema maneno yaliyosemwa na Bwana wake.

Linaloniuma zaidi ni nani anayesema "shukuru". Paulo alipoandika kwamba neema ya Mungu yamtosha, mwiba ulikuwa mwilini mwake, na alikuwa ameomba mara tatu uondolewe. Hayo ni maneno ya mgonjwa mwenyewe. Yakitoka kwa mtu mzima wa afya, aliyesimama mlangoni akitaka kuondoka, yanakuwa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Paulo huyohuyo aliwaagiza Warumi walie pamoja nao waliao.

Musa naye, baada ya kuomba afe, hakuhubiriwa kuhusu uvumilivu. Mungu alimwambia akusanye wazee 70, waubebe mzigo wa watu pamoja naye.