Kabla ya kuota gari la Kongo, tuanze na ekseli ya mbele

Kila baada ya muda picha moja huzunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp hapa Bukavu: kijana kaunda gari kwa mabati na injini ya pikipiki, na chini yake pongezi hazina mwisho. Kongo tunaweza! Na mimi hupongeza, kwa sababu mikono ya kijana yule si ya mchezo. Halafu nauliza swali linaloudhi watu: litafika Kamituga?

Kamituga haifiki kilomita 200 kutoka hapa. Mvua ikishika, lori la Fuso linaweza kulala njiani upande wa Mwenga siku nyingi kuliko linavyotembea, konvwayeri, yaani vijana wasaidizi wa lori, wakichimba tope kwa majembe na kupanga mawe chini ya matairi, mzigo wa unga ukilowa juu. Lori lenyewe si bovu. Limeundwa kwa ajili ya lami, na ni magurudumu ya nyuma tu yanayolisukuma. Yale ya nyuma yakianza kuteleza, ya mbele hayana msaada wowote, yamekaa tu kama wageni kwenye matanga.

Ndiyo maana, kati ya kampuni zote za magari duniani, ninayotamani mafundi wetu waijue ni moja ndogo ambayo wengi hawajawahi kuisikia: Marmon-Herrington. Ilianzishwa mwaka 1931 huko Indianapolis, Marekani, wakati uchumi wa dunia umeporomoka na hakuna mtu mwenye akili aliyekuwa akifungua kiwanda cha magari. Jina la Marmon lilikuwa na heshima, maana gari lao ndilo lililoshinda mbio za kwanza za Indianapolis 500 mwaka 1911. Lakini biashara yao ya magari ya matajiri ilikuwa inakata roho. Walter Marmon akaungana na Arthur Herrington, mhandisi aliyeyajua malori ya jeshi na tabia zake porini, wakaamua kutengeneza malori ambayo magurudumu yote yanavuta. Wateja wa mwanzo walikuwa jeshi la Marekani na watu wa jangwani. Huko Mashariki ya Kati ndugu wawili wa New Zealand, akina Nairn, walikuwa wakivusha abiria kati ya Damascus na Baghdad, mahali ambapo barabara ni alama za matairi ya jana. Basi lao refu la abiria lilivutwa na kichwa cha Marmon-Herrington.

Lakini sehemu ninayoipenda inaanza mwaka 1935. Badala ya kung'ang'ania kuunda kila kitu, walichukua malori ya Ford, ya kawaida kabisa, wakayabadilisha. Nyuma ya giaboksi waliweka sanduku la pili la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Ekseli ya mbele iliyokuwa chuma cha kubebea uzito tu ikatolewa, ikaingizwa nyingine yenye difu yake, yaani gia za kugawa nguvu kwa magurudumu ya kulia na kushoto. Ugumu wote uko kwenye viungo vya magurudumu ya mbele, kwa kuwa gurudumu hilo linatakiwa lipokee nguvu ya injini na papo hapo likate kona. Hapo ndipo walipoweka akili zao na pesa zao. Injini, kabini, taa na viti waliachia Ford, na injini ikikorofisha, vipuri vilipatikana popote Ford ilipouzwa.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, Afrika Kusini ilihitaji magari ya deraya na haikuwa na kiwanda cha magari ya namna hiyo. Ikaleta chasisi za Ford kutoka Kanada, ikakata na kuunganisha mabamba ya chuma nyumbani. Toleo la kwanza lilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. La pili likapewa mitambo ya Marmon-Herrington, na yakaundwa zaidi ya 5,000 kwa jumla, mengi yakaenda kupigana jangwani Afrika Kaskazini. Hilo lilifanyika katika bara hili, miaka zaidi ya 80 iliyopita, kwa kuunganisha vya wengine.

Sisi tulipewa mfano wa kinyume chake. Mwaka 1955 Wabelgiji walileta Léopoldville, Kinshasa ya leo, mabasi 12 ya ajabu, jairobasi, yanayotembea kwa nguvu ya gurudumu zito linalozunguka ndani na kuchajiwa umeme kwenye vituo. Teknolojia ya Uswisi, maridadi kweli. Kufikia 1959 yalikuwa yameachwa. Vifaa vilichakaa haraka, na madereva walipenda kukata njia za mkato za udongo ambazo mvua ikinyesha zinageuka bwawa. Walilaumiwa madereva. Mimi ningemlaumu aliyeleta basi bila kuuliza linapita wapi.

Najua nitakachojibiwa: Marmon-Herrington ililishwa na jeshi. Ni kweli. Na vita vilipokwisha ikalazimika kutafuta riziki kwingine. Kuanzia 1946 ikaunda mabasi ya umeme ya mijini, zaidi ya 1,500, kisha hiyo nayo ikaisha mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikanunuliwa na familia ya Pritzker, ikahamia Louisville, Kentucky. Malori kamili iliyaacha. Ekseli na masanduku ya kugawa nguvu bado inatengeneza mpaka leo. Kile kitu kimoja ilichokijua vizuri ndicho kilichobaki.

Kwetu hapa ubunifu wa kubadilisha upo tayari. Pita garaji za mtaa wa Kadutu hapa Bukavu uone chasisi zinavyoongezwa vyuma, springi zinavyoongezwa, bodi za mbao zinavyopandishwa. Ninachokiogopa ni kwamba kila tunachoongeza ni uwezo wa kubeba, hatuongezi breki. Lori linaloshuka mteremko wa Ngomo kuelekea Kamanyola likiwa na tani ambazo halikuundiwa, na watu juu ya mzigo, halihitaji sifa za ubunifu, linahitaji mtu wa kulipima na kulizuia.

Kwa hiyo ningependa fedha zinazotafutwa kwa ajili ya "gari la kwanza la Kivu" zinunue kwanza mashine ya kuchonga gia na Fuso mbili za kufanyia majaribio. Wanafunzi wa ITFM, shule ya ufundi ya hapa Bukavu, wakae na mafundi wa Kadutu, waijue ekseli moja ya mbele mpaka waweze kuibomoa na kuijenga usiku. Kisha moja ya hizo Fuso ipakiwe mawe, mwezi wa Novemba, ipelekwe Mwenga.