Mdogo wangu alihitaji mshauri, akaitiwa kikao cha ukoo

Mikeka ya kubeti ya mdogo wangu ilichanika mpaka akaweka rehani pikipiki ya mkataba, ambayo hata si yake. Nyumbani Morogoro kikaitwa kikao. Baba mdogo akafoka, shangazi akalia, mchungaji akaomba, kijana akaapa kwamba habeti tena. Mimi huku Leeds, Uingereza, nikatuma hela ya kuikomboa pikipiki. Mwezi haukuisha, akaingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa.

Katika kipindi hicho hicho mama mmoja ninayefanya naye kazi hapa alikuwa anakesha na sloti, michezo ya kamari ya kwenye simu. Alijipeleka mwenyewe kwenye kliniki ya kutibu uraibu wa kamari ya NHS (huduma ya afya ya umma ya huku), ile iliyofunguliwa hapa Leeds mwaka 2019. Matibabu ni bure, lakini kilichonigusa zaidi ni alichosimulia kuhusu siku ya kwanza: hakuna aliyemwambia "acha". Waliuliza analala saa ngapi, nani anajua madeni yake, na kama amewahi kufikiria kujiua. Wiki zilizofuata wakafuatilia naye hamu inakuja lini. Siku ya mshahara? Baada ya ugomvi? Au pale alipokosa kidogo tu akaona ushindi uko karibu? Mumewe naye akafundishwa kutolipa deni haraka haraka, maana deni likifutika hivyo linafungua nafasi ya kukopa tena. Niliposikia hilo nilikumbuka hela niliyotuma Morogoro, nikanyamaza.

Sisemi Uingereza ni peponi. Maduka ya kubeti yaliruhusiwa tangu 1961, na kliniki ya kwanza ya NHS ya kamari ikafunguliwa London mwaka 2008. Miaka 47! Ni watu wangapi walipotea hapo katikati?

Sisi hatuna sababu ya kusubiri hivyo, kwa sababu watu tunao. Miaka ya UKIMWI tuliwafunza wauguzi na watu wa kawaida ushauri nasaha. Walijifunza kutunza siri, kutohukumu, kumngoja mtu amalize kulia. Muhimbili wanatoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, kwa walioathirika nayo tangu 2011, kwa hiyo uraibu si jambo geni kwa wataalamu wetu. Wanachohitaji kuongezewa ni elimu ya kamari yenyewe: mtu anavyofukuzia hasara, namna ya kupanga madeni, nani amshikie hela kwa muda, na kwamba akirudia tena hafukuzwi. Gharama itoke kwenye michezo hiyo hiyo. Hapa Uingereza, tangu Aprili 2025, kampuni za kamari zinalipa tozo ya lazima kwa ajili ya matibabu, kinga na utafiti. Kwetu Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo, na kodi inakusanywa. Sehemu yake isomeshe washauri.

Mwezi uliopita nilimpigia muuguzi mmoja wa kwetu, aliyeshauri watu wa VVU kwa miaka mingi. Nikamtumia maswali mawili mafupi ambayo washauri huanza nayo: umewahi kuhisi lazima uongeze dau zaidi na zaidi? Umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Akasema kuuliza anaweza hata kesho. Anachotaka ni mtu wa kumfundisha afanye nini kijana akishajibu ndiyo.