Kadi ya grafiki isifungiwe gizani

Nimekata ubavu wa kasha la kompyuta yangu nikaweka kioo cha plastiki, ili kadi ya grafiki, kile kifaa kinachotengeneza picha za kwenye skrini, ionekane. Mama aliponiona na drili aliuliza: "Papa, kitu kizima unakitobolea nini?" Nilimjibu kwa kifupi siku ile. Jibu refu ni hili.

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, tunaishi juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Yale yaliyoshuka tarehe 17 Januari 2002 yalipita katikati ya mji, na mpaka leo tunayaponda kujengea nyumba na kutandika njia. Pikipiki na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zikipita, unga mweusi unapanda hewani, na kompyuta yenye feni inauvuta kutwa. Mimi hukaa mtaa wa Himbi, nahariri video za harusi. Kadi yangu ni GTX 1060 ya mwaka 2016, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kasha lilipokuwa limefungwa pande zote, habari za vumbi nilizipata siku kadi ilipoanza kupiga kelele, na siku hiyo mwenye harusi alikuwa mlangoni anasubiri kazi yake. Sasa nalitazama vumbi kila asubuhi nikinywa chai. Likianza kukaa kwenye mapanga ya feni, nachukua brashi. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa ya kioo, kuliko uzuri wake.

Lakini uzuri nao nautetea. Ndani ya chipu ya kadi hii, kipande cha silikoni kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kuna transista, yaani swichi ndogo mno za umeme, bilioni 4.4. Kitu cha namna hiyo kinafaa kutazamwa.

Kukata si kazi ngumu, inataka subira tu. Toa kila kitu ndani ya kasha kwanza, maana chembe moja ya chuma ikibaki juu ya ubao mama, ule unaounganisha vifaa vyote, inaweza kuunguza mashine nzima. Kingo nilizisugua kwa tupa, kisha nikazivisha mpira wa ndani wa tairi la pikipiki uliopasuliwa. Nilichagua plastiki ngumu inayoonyesha badala ya kioo cha dirisha: hainipasukii vipande vikali, ila ukiifuta kavukavu inachubuka, kwa hiyo tumia kitambaa chenye maji.

Kosa langu lilikuwa pengine. Nilitaka kadi isimame wima, feni zitazame nje, nikaiunganisha na ubao mama kwa kebo ya raiza, yaani kebo ya kurefushia. Ilipendeza sana. Ila feni zilibaki sentimita moja tu kutoka kwenye plastiki, na hewa ikakosa njia. Kadi iliyokuwa inafanya kazi kwa nyuzi 68 ilifika 83, ikaanza kujipunguzia kasi yenyewe, na video ya saa moja ikachelewa. Niliirudisha ilivyokuwa, imelala, nikaitegemeza kwa kijiti ili isining'inie. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kadi ionekane, lakini ipumue kwanza. Ukitaka kuisimamisha wima, iache mbali na kioo, sentimita tatu au nne. Na kama kadi yako ni mpya kuliko kebo, ingia kwenye bayosi, yaani mipangilio ya ubao mama, ushushe kasi ya sloti kadi inapochomekwa, la sivyo skrini inaweza kuwa inazimika hovyo.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kuliacha. Kwenye kadi hizi hufungwa kapasita nyingi, vidude vinavyohifadhi umeme kidogo, na kuna aina ya kapasita inayotengenezwa kwa tantalamu. Tantalamu ni metali inayotoka kwenye jiwe la koltani, na koltani inachimbwa Rubaya, hapo Masisi. Mjomba wangu alibeba magunia yake miaka mingi. Alipotutembelea nilimwashia kompyuta, nikamwambia jiwe alilokuwa akilibeba linaishia ndani ya vitu kama hivi. Aliinama, akaweka mkono juu ya plastiki, akatazama muda mrefu feni zikizunguka. Kisha akaniuliza mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kumweleza: jiwe linapikwa wapi, nani analigeuza kuwa kapasita, kadi nzima ni bei gani. Tulikaa pale mpaka umeme ukakatika.

Amesema atarudi mwezi ujao na mdogo wake, naye aone. Kabla hawajafika nataka nishone kichujio cha chandarua pale mbele ya feni ya chini.